Kraka za Krismasi Zinazolia: Jinsi ya Kutengeneza Sita Bila Hata Moja Kugoma

Desemba iliyopita tulikaa kwenye ukumbi wa kanisa, sisi wa ibada ya Kiswahili hapa Uingereza, tukatengeneza kwa mikono yetu kraka za Krismasi, vile vibomba vya karatasi vinavyovutwa mezani vikapasuka kwa mlio. Zilipendeza hasa: karatasi nyekundu, riboni, majina ya wageni kwa kalamu ya dhahabu. Sikukuu ilipofika simu yangu haikutulia. "Dada, yetu imechanika kimya kimya kama bahasha." "Yetu imegoma kabisa, tumevutana na shemeji mpaka juisi ikamwagika mezani." Mama mmoja alituma picha: ukanda wa mlio, ule wa kadi unaolia ukivutwa, umechomoka mzima, unaning'inia kama utumbo wa dagaa, na kraka yenyewe bado imefungwa vilevile.

Niliomba waniletee zile zilizogoma, nikazifungua moja moja. Sababu zilikuwa tatu tu, zinajirudia: ukanda umegundishwa pasipo pake, karatasi ni ngumu mno, na shingo hazikuandaliwa zichanike. Lawama nazibeba mimi, maana siku ile nilifundisha urembo nikaruka ufundi. Safari hii naanza na ufundi.

Kwa asiyeijua: kraka ni bomba la karatasi lenye umbo la peremende kubwa, linalowekwa kando ya kila sahani kwenye chakula cha mchana cha Krismasi Uingereza, na pia Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Watu wawili hulivuta, kila mmoja na ncha yake, likapasuka paa! Ndani mna taji la karatasi, kikaratasi cha mzaha na kijizawadi. Anayebaki na kipande kikubwa ndiye mwenye vilivyomo.

## Vifaa vya kraka sita

- Maroli 8 ya kadibodi, yale yanayobaki tishu ya chooni ikiisha. Sita yatabaki ndani ya kraka, mawili ni kalibu utakayoitumia tena na tena. Roli langu lina urefu wa sm 10. Kama lako ni tofauti, badilisha vipimo.
- Kanda za mlio 8: sita za kazi, moja ya kujaribia, moja ya akiba.
- Karatasi za kufungia zawadi, vipande 6 vya sm 30 kwa 16.
- Karatasi laini za rangi, shuka 2 za sm 50 kwa 75, za mataji.
- Gundi ya kijiti, au selotepu ya pande mbili.
- Riboni au uzi mnene, vipande 12 vya sm 25.
- Mkasi, rula, penseli.
- Vijizawadi 6 na vikaratasi 6 vya maneno.

Kuhusu ukanda wa mlio. Huu hununuliwa, hautengenezwi. Unauzwa kwa pakiti kwenye maduka ya vifaa vya sanaa za karatasi. Katikati yake kuna chembe ya fulminati ya fedha, dawa inayolipuka kwa msuguano. Ni kidogo sana, lakini ni baruti kweli, ndiyo maana sheria ya Uingereza inaziweka kraka pamoja na fataki za daraja la chini na kukataza kumuuzia mtoto wa chini ya miaka 12. Weka pakiti mbali na jiko, hita na mishumaa. Wala usitumie ile bastola ya gundi ya moto karibu na kanda hizi.

Kuhusu karatasi. Kata kipande kidogo, kikunje ngumini, kisha fungua mkono. Kikibaki kimejikunja, hiyo ni karatasi tupu na itachanika vizuri. Kikijinyoosha chenyewe, kina plastiki ndani: hakitachanika hata mkivutana mpaka Pasaka, na isitoshe hakipokelewi kwenye takataka za kurejelezwa. Karatasi za kung'aa kama kioo karibu zote zinafeli mtihani huu. Najua zinavutia. Ziache.

## Hatua ya 1: Lipua ukanda mmoja kwanza

Watu hawapendi hatua hii kwa sababu wanaona wanapoteza ukanda. Afadhali kupoteza mmoja leo kuliko kuumbuka na sita mbele ya wakwe.

Shika ncha mbili, nyoosha mikono mbali na uso wako na wa wenzako, vuta kwa nguvu iliyo sawa. Unatakiwa usikie mlio mkali, mfupi, na harufu kama ya kiberiti kilichowashwa sasa hivi. Ukisikia "tsi" hafifu au usisikie kitu, jaribu wa pili. Na huo ukifanya hivyo, pakiti imeshika unyevu. Usianike kwenye hita. Nunua nyingine.

Sasa angalia vipande viwili vilivyobaki mkononi. Ukanda si kitu kimoja. Ni vipande viwili vya kadi vilivyolaliana katikati na kufunikwa kwa kikaratasi. Ukivuta, kimoja kinateleza juu ya kingine, na msuguano huo ndio unaolipua. Kila kosa la mwaka jana limo humo. Ncha zinatakiwa zishikwe imara, katikati paachwe huru. Ukigundisha katikati, havitelezi. Ukigundisha ncha moja tu, ukanda unachomoka wote upande mmoja, kama ule wa yule mama wa picha.

## Hatua ya 2: Kata, pima, toboa shingo

Urefu wa karatasi unategemea ukanda wako: urefu wa ukanda, jumlisha sm 2. Kanda zangu ni sm 28, ndiyo maana karatasi ni sm 30. Ukiwa na kanda fupi kuliko hizo, fupisha karatasi; usiseme "itafika tu". Ukanda usiofika mwisho ni ukanda ambao mkono wa mvutaji hautaushika.

Igeuze karatasi, upande wa rangi uwe chini. Kwa penseli, kutoka kushoto, weka alama kwenye sm 8, 10, 20 na 22. Kati ya 10 na 20 ndipo roli litakapolala. Kati ya 8 na 10, na kati ya 20 na 22, ndizo shingo.

Chora mstari katikati ya kila shingo, yaani sm 9 kutoka kila ukingo. Kunja karatasi kwenye mstari huo, kisha kwa ncha ya mkasi nyofoa vipembetatu vidogo kwenye mkunjo, vinne au vitano, visizidi nusu sentimita. Ukikunjua utaona safu ya vitundu. Fanya hivyo shingo zote mbili.

Vitundu hivi ndivyo vinavyoiambia karatasi ichanike wapi. Bila hivyo nguvu yote inaishia kwenye karatasi, na ukanda hauguswi. Usijali sura yake, riboni itavifunika.

(Siri ya pembeni: ukitoboa shingo moja tu, kraka itaelekea kuchanika upande huo, na atakayeshika upande wa pili atabaki na mzigo. Mimi huwa nafanya hivyo kwenye kraka ya bibi mmoja wa kanisani ambaye hajawahi kushinda. Hajui, na msimwambie.)

## Hatua ya 3: Taji

Kata shuka la karatasi laini kwa urefu wake, upate vipande vya upana wa sm 12. Shuka moja linatoa vinne. Kila kipande kipunguze kibaki sm 62: kichwa cha mtu mzima kinazunguka karibu sm 56 hadi 60, na sm 2 ni za kugundishia. Kwa mwenye misuko, rasta au kilemba, ongeza hadi sm 68 au zaidi. Mataji ya dukani hayajawahi kuwafikiria watu hawa. Nimeona mengi yakipasukia kisogoni kabla supu haijafika.

Kunja kipande katikati, tena katikati, tena katikati. Utabaki na rundo la upana kama sm 8. Kata pembe mbili za juu kwa mshazari zikutane katikati, kama paa la nyumba. Ukikunjua una meno manane. Gundisha ncha mbili, subiri ikauke, kisha kunja taji lote liwe jembamba na ulisokote kidogo.

Limefaulu kama linaingia ndani ya roli bila kusukumwa. Linalosukumwa kwa kidole litabana ukanda.

## Hatua ya 4: Maneno ya ndani

Kikaratasi cha kwenye kraka ya Kiingereza ni mzaha mbovu, na ubovu wake ni wa makusudi: meza nzima inaguna pamoja, hakuna aliyeonekana hana akili. Lakini ule mzaha unachezea maneno ya Kiingereza, na ukiutafsiri unabaki mifupa. Nimeshaona wajomba wakicheka kwa adabu tu.

Weka vitendawili. Andika upande mmoja swali, upande wa pili jibu:

Nyumba yangu haina mlango. (Yai.)
Kuku wangu katagia mwibani. (Nanasi.)
Popoo mbili zavuka mto. (Macho.)
Kila niendapo ananifuata. (Kivuli.)

Anayevaa taji anatega: "Kitendawili!" Meza inajibu: "Tega!" Wakishindwa wanampa mji. Watoto wetu waliozaliwa hapa wameipenda mno sehemu hii. Mwaka jana binti mmoja wa miaka tisa alikusanya Mombasa, Bukavu, Zanzibar na Birmingham, akagoma kurudisha hata mmoja.

## Hatua ya 5: Kuweka ukanda

Hapa twende taratibu, ndipo kraka nyingi zilipofia.

Laza karatasi mbele yako, rangi chini, upande mrefu ukielekea tumboni kwako. Weka roli kati ya alama ya 10 na ya 20, karibu na ukingo ulio upande wako. Pitisha ukanda ndani ya roli, utokeze pande zote mbili kwa urefu ulio sawa.

Paka gundi kwenye sm 1.5 za mwisho za ncha moja tu ya ukanda, uigandamize kwenye karatasi, ikibaki sm 1 kufika ukingoni. Nyoosha ukanda bila kuuvuta. Gundisha ncha ya pili vilevile. Subiri dakika tano.

Mambo ya kuepuka:

Usipake gundi mahali pengine popote kwenye ukanda. Usiupige pini ya stepla. Usiukunje katikati wala usifungue kile kikaratasi kinachofunika maungio "kuona kilichomo". Na usikate ukanda kuufupisha; kata karatasi ndefu zaidi.

Ukiinua karatasi kidogo, ukanda unatakiwa ucheze ndani ya roli huku ncha zake zimeng'ang'ania. Usipocheza, kuna gundi imevuja. Bandua sasa, usisubiri sikukuu.

## Hatua ya 6: Kuviringisha

Chukua yale maroli mawili ya kalibu. Laza moja juu ya ukanda upande wa kushoto, lianzie alama ya 8 kuelekea nje. Lingine upande wa kulia, lianzie alama ya 22. La katikati linapitiwa na ukanda kwa ndani, haya mawili yanaukalia kwa juu. Yatatokeza nje kidogo, ndivyo inavyotakiwa: baadaye utayashika hapo kuyachomoa.

Tia alama mbili ndogo za gundi kwenye roli la katikati, mbali na ukanda, ili lishike karatasi. Viringisha vyote vitatu kwa pamoja, ukielekea mbele, kama unavyoviringisha mkeka. Ukingo wa mwisho utalaliana kwa sm 2 au 3. Upake gundi urefu wote isipokuwa kwenye shingo. Gundi ikikaa shingoni inafanya karatasi kuwa nene mara mbili mahali pale pale unapotaka ichanike.

## Hatua ya 7: Funga, jaza, funga

Zungushia riboni kwenye shingo ya kwanza, kaza polepole mpaka karatasi ijikusanye, funga fundo moja na ua. Usisokote ncha kama unavyofunga peremende. Ukisokota unaukunja ukanda, na ukanda uliokunjwa ama hautelezi ama unakatika kabla ya mlio.

Kaza kiasi gani? Kijizawadi kisipite, basi. Ukitikisa kraka, kitu kisidondoke. Ukiminya shingo kwa vidole, bado usikie kadi imelala bapa.

Chomoa kalibu ya upande ulio wazi. Tumbukiza taji, kikaratasi na kijizawadi. Rudisha kalibu, funga shingo ya pili. Sasa chomoa kalibu zote mbili, uziweke kwa kraka inayofuata.

Vijizawadi viwe vyepesi: bangili ya shanga, kipakiti cha karafuu, penseli fupi, peremende iliyofungwa. Chokoleti inayeyuka kwenye nyumba zenye hita. Meza yenye mtoto wa chini ya miaka mitatu isiwe na kitu kidogo cha kumezwa, maana kraka ikipasuka vitu huruka, na wa kwanza kuviona ni yule aliye chini ya meza.

Andika jina la mgeni kwenye tumbo la kraka. Zipange kwenye boksi, zilale, mahali pakavu. Usiweke juu ya friji: kule nyuma kuna joto.

## Hatua ya 8: Kuvuta mezani

Unaweza kutengeneza kraka kamili ikaharibiwa na mvutaji. Watu wengi hushika karatasi tu, kwa ncha za vidole, kwa kuogopa kuichafua. Mwambie kila mtu abonyeze ncha mpaka ausikie ukanda katikati ya kidole gumba na cha shahada. Asipousikia, asivute.

Mtindo wa Waingereza ni kufumbata mikono mbele ya kifua: mkono wa kulia unashika kraka yako, wa kushoto unashika ya jirani, meza nzima inakuwa mnyororo, mnavuta kwa pamoja. Ni raha mkiwa watu wazima. Wakiwapo watoto, vuteni wawili wawili, kraka iwe usawa wa kifua, mbali na macho na mbali na mishumaa. Vuta kwa nguvu inayopanda, bila kushtua.

Wengi wanavuta kabla ya kuanza kula, ili bata mzinga aliwe watu wamevaa mataji. Taji halivuliwi upesi. Ukiingia nyumba nyingi saa tisa mchana, hotuba ya mfalme inapoanza kwenye televisheni, utakuta babu mwenye suti amelala kwenye kiti na taji la kijani limemfunika jicho moja.

## Ikigoma

*Imechanika, haikulia, ukanda mzima umebaki upande mmoja:* ncha moja haikugundishwa vizuri, au mvutaji hakuushika. Chukua huo ukanda, mvute wawili hivyohivyo mkiwa mmenyoosha mikono. Utalia.

*Imelia lakini haikuchanika:* karatasi ina plastiki, au hukutoboa shingo. Kata kwa mkasi, mpe mkubwa wa umri vilivyomo.

*Vipande viwili vya kadi vimeachana bila mlio:* unyevu. Usivichokonoe, vitumbukize majini kisha utupe.

## Za kupeleka nyumbani

Kila mwaka kuna anayetaka kubeba kraka kwenda Dar au Nairobi. Zenye ukanda, zilizotengenezwa kwa mkono, usizitie kwenye begi la ndege, la mkononi wala la chini, na usizitume kwa posta ya nje. Ni baruti, na "lakini ni karatasi tu, mwanangu" haimsaidii mtu kwenye mashine ya ukaguzi. Wala aliyeko nyumbani asijaribu kuziba pengo kwa fataki au unga wa kiberiti. Roli la tishu likilipuka mkononi si mchezo tena.

Peleka karatasi, mataji na vitendawili, kanda ziache. Kraka za mwanzo kabisa, za London ya karne ya 19, zilikuwa peremende na kikaratasi tu. Mlio uliongezwa baadaye. Usipokuwapo ukanda fuata hatua zote, ruka ya 1, kwenye ya 5 weka roli tu, na mlio utoe kwa mdomo. Ndugu zangu wa Tanga walifanya hivyo: wawili wanavuta, meza nzima inapiga kelele "paa!" karatasi ikichanika. Kraka ya tatu ilikuwa ya mtoto wa dada yangu. Alipiga kelele mapema mno, bibi akashtuka, akaachia ncha yake, na mtoto akaondoka na kraka nzima bila kuivuta.